Mkoba wa hariri wa zamani wenye vifaa vyake ndani: jinsi ya kuukagua, kujua kipi cha asili na kipi kimeongezwa, na kuutunza

Mkoba nitakaokuwa naurudia hapa niliuokota kwa pauni 12 kwenye ile minada ya Jumapili ya Uingereza, watu wanafungua buti za magari uwanjani na kuuza vya ndani ya nyumba zao. Ni mweusi, hariri ya ile yenye mbavu mbavu ukipitisha kidole unazisikia, fremu ya chuma iliyopakwa maji ya dhahabu, bitana ya atlasi rangi ya maziwa, na ndani kuna kioo kidogo kwenye mfuko wake, kipochi cha chenji kimefungwa kwa kamnyororo kembamba, na kitana. Muuzaji akanambia "huu wa miaka ya thelathini, kila kitu chake" nami nikaamini, nikaja nyumbani nikawasha taa ya mezani nikakuta nusu ya maneno yake kweli na nusu hadithi. Tangu hapo nimeshashika mikoba ya namna hii mingi tu, na karibu yote imeguswa na fundi wa baadaye, kwa hiyo swali la "ni original au sio" halikufikishi mbali. Uliza nini kilizaliwa nao, nini kilikuja baadaye, kilikuja lini, na je kinauumiza au kinaushikilia. Mpaka ujibu hayo usikate hata uzi mmoja.

Kabla hujaanza: meza na vifaa

Osha mikono, ikauke kabisa, vua pete na bangili maana hariri ya zamani inanasa kwa kitu kidogo sana. Usipake losheni. Tandaza shuka jeupe la pamba mezani, jeupe kwa sababu kila punje ya vumbi, ushanga au kipande cha uzi kitakachodondoka utakiona, na vinavyodondoka ndio ushahidi wenyewe, viweke kwenye bahasha usivipangusie chini.

Vifaa sio vya kutisha. Lenzi ya kukuzia ya mafundi saa, tochi ya kawaida, rula, simu ya kupigia picha, penseli (kalamu ya wino isikaribie mezani kabisa), na ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia, wenye maduka wanayo na bei yake ni ndogo. Hiyo tochi ndo itakufanyia kazi kubwa kuliko vyote, utaona.

Alafu picha kwanza. Nje pande zote nne, chini, ndani, kila mfuko, kila kifaa mbele na nyuma, na kila kifaa kikiwa bado kimekaa pale ulipokikuta. Watu wanaruka hii hatua kwa sababu wana hamu ya kutoa vitu, wakishavitoa hawakumbuki kitana kilikuwa mfuko wa kulia au wa kushoto, na hilo lina maana yake huko mbele.

Umbo linasema nini

Kwa ufupi tu, maana umbo linadanganya, mitindo inarudi rudi. Wanawake wa Ulaya kabla ya miaka ya 1790 walikuwa na mifuko ya kufunga kiunoni chini ya gauni, gauni zilikuwa pana kwa hiyo haionekani. Zilipokuja gauni nyembamba za kuangukia mwilini mfuko ukawa unatokeza kama uvimbe, ndipo wakaanza kubeba kifuko cha hariri mkononi cha kuvuta kwa kamba. Hicho hakina fremu na kwa kawaida hakina vifaa vya kupachika ndani. Mikoba yenye fremu ya chuma na vifaa vyake ndani, kioo, kichupa cha manukato, kijitabu na penseli, hiyo ni ya kuelekea mwisho wa karne ya 19 na kuendelea, alafu miaka ya 1920 wanawake walipoanza kujipodoa hadharani bila kuona haya, ndipo unaona poda, lipstiki na kioo vinapewa nafasi zao rasmi. Seti ya kioo, kipochi cha chenji na kitana kwenye mifuko ya kitambaa kilekile utaikuta sana kwenye mikoba ya miaka ya 1930 mpaka ya 1950.

Sasa tahadhari. Miaka ya 1920 ilikuwa kawaida kabisa kuchukua hariri kuukuu, kipande cha gauni au kizibao cha karne ya 18, au tarizi ya Kichina, na kukishonea kwenye fremu mpya. Kwa hiyo unaweza kuwa na kitambaa cha mwaka 1770 na mkoba wa mwaka 1925 na vyote viwili ni kweli. Dalili yake ni ua lililokatwa katikati pale kwenye mshono, hakuna fundi anayenunua kitambaa kipya cha bei mbaya akakata ua shingo, amekata kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Ukiona vile usikasirike, huo sio uongo, huo ni mkoba wa 1925 uliotengenezwa vizuri.

Je, ni hariri kweli?

Hariri ya kutengeneza, hii ya mbao inayoitwa rayoni, ilianza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1905 kule Coventry, na jina rayoni lenyewe lilipitishwa Marekani mwaka 1924, kwa hiyo mkoba wa miaka ya 1930 unaweza kabisa kuwa hariri nje na rayoni ndani, ni kawaida na sio kasoro. Nailoni ilitangazwa 1938. Poliesta iligunduliwa 1941 na ilifika madukani baada ya vita. Hizi tarehe zihifadhi kichwani, utazitumia kwenye uzi.

Kupima, tafuta uzi ambao umeshakatika wenyewe ndani ya mshono, usikate mpya. Ushike na koleo ndogo juu ya kisahani, mbali na mkoba, uwashe. Hariri inanuka nywele zilizoungua, inajikunja, inaacha majivu yanayosagika kwa kidole. Rayoni inaungua haraka na kunuka karatasi. Nailoni na poliesta zinayeyuka zikawa kitone kigumu kama shanga. Ikiwa uzi umeungua lakini majivu yamebaki na umbo lilelile la uzi, kama mifupa yake, hapo una hariri iliyowekwa chumvi za chuma, na hili ni jambo lazima nilieleze kwa urefu kidogo kwa sababu ndilo linaloua mikoba mingi.

Hariri ikitoka kwa kiwavi ina gundi yake ya asili, ukiitoa gundi uzi unapoteza karibu robo ya uzito. Na hariri iliuzwa kwa uzito. Basi wenye viwanda vya rangi wakawa wanarudisha ule uzito kwa kuichovya kwenye chumvi za bati au za chuma, na wengine hawakuishia kurudisha, walipitiliza. Kitambaa kikawa kizito, kinaanguka vizuri, kinapiga kelele ile ya hariri, mteja anafurahi. Hii ilishamiri mwisho wa karne ya 19 mpaka miaka ya 1930. Shida ni kwamba hizo chumvi zinaila hariri kutoka ndani, na mwanga na joto vinaharakisha, mpaka siku moja kitambaa ambacho hakijawahi hata kuvaliwa kinaanza kupasuka chenyewe, mistari mistari iliyonyooka, hasa kwenye mikunjo na karibu na fremu. Hakuna dawa ya kukirudisha. Kwa hiyo ukiona mipasuko ya namna hiyo usimlaumu aliyekuwa nao kwamba hakuutunza, na usidhani kwamba ukiuosha au kuupiga pasi utakaza, utaushika vipande mkononi.

Sasa vifaa vya ndani, kimoja kimoja

Hapa ndo patamu. Kifaa kilichozaliwa na mkoba kina mambo kadhaa ambayo fundi wa baadaye au muuzaji mjanja ni vigumu kuyaigiza yote kwa pamoja.

Angalia kitambaa cha nyuma ya kioo na cha kile kipochi dhidi ya bitana. Sio rangi tu. Chukua lenzi hesabu nyuzi kwenye sentimita moja, ziwe sawa. Alafu linganisha kuchujuka, kioo kilichokaa mfukoni miaka themanini kitambaa chake kilichofichwa kitakuwa cheupe zaidi na kile kilichokuwa kinatokeza juu kitakuwa kimebadilika, na ukikirudisha mfukoni ule mstari wa kubadilika rangi ukae sawasawa na mdomo wa mfuko. Wangu ulikaa, mpaka nikacheka mwenyewe. Na mfuko nao unaweka alama, kioo cha miaka mingi kinaacha umbo lake kwenye bitana kama vile sahani inavyoacha duara kwenye kitambaa cha meza, pembe nne unaziona. Kama alama ni ya mstatili na kioo ulichonacho ni cha mviringo basi hicho ni mgeni.

Kipochi cha chenji angalia kile kamnyororo. Upande wa pili kimeshikwa wapi? Kikiwa kimeingia ndani ya mshono wa bitana na mfuko, kilishonewa mkoba ukiwa unatengenezwa. Kikiwa kimeshonewa juu juu kwa uzi wa rangi nyingine, kuna mtu alikikata akakirudisha au alikileta.

Kitana changu ndicho kilichoniangusha. Mfuko wake una upana wa sentimita tatu na nusu, kitana kina sentimita tatu kasoro, kinacheza cheza mle kama mtoto kavaa viatu vya baba yake. Rangi ya pembe, kizuri, lakini sio chake. Nikakisugua kwa kidole gumba mpaka kikapata joto nikanusa: karafuu maiti. Harufu ya karafuu maiti ni seluloidi, plastiki ya kwanza kwanza, ya tangu miaka ya 1870, inatengenezwa kwa kitu hichohicho. Bakelaiti, plastiki nyingine iliyokuja 1907, inanuka dawa kali kama ya maabara, na plastiki ya maziwa inanuka maziwa yaliyoungulia sufuriani. Tafadhali usitumie sindano ya moto kama watu wengine wanavyofundisha, inaharibu kifaa, na seluloidi inashika moto haraka kuliko unavyofikiria.

Na seluloidi ina ubaya mwingine: ikianza kuzeeka inatoa mvuke wenye asidi, mvuke huo unakula chuma kilicho jirani na unaozesha hariri. Ukiona doa la kijani kwenye fremu pale karibu na kitana, au bitana imekuwa ya kahawia pale tu kinapolala, umepata mhalifu. Mtoe akae peke yake, kwenye karatasi, mahali penye hewa.

Kama kitana sio plastiki kabisa, hapo uwe makini zaidi. Pembe ya ndovu ukiielekeza kwenye mwanga kwenye ncha iliyokatwa inaonyesha mistari inayokatana kama wavu, seluloidi ya kuigiza inaonyesha mistari iliyonyooka sambamba, imenyooka mno. Gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, lina mabaka ambayo ukiyakuza unaona ni vidoti vidoti vya rangi. Sisi watu wa pwani hizi bidhaa tunazijua zilikotoka, pembe zilizopita Zanzibar karne ya 19 nyingi zilifika mpaka Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vya vitana na funguo za piano. Leo kuziuza au kuzivusha mpaka ni kesi. Ng'amba amezuiwa kwenye biashara ya kimataifa tangu 1977 chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Uingereza sheria yake ya pembe inafanya kazi tangu Juni 2022, hata kitu cha zamani kina masharti na usajili. Kenya na Tanzania usijaribu kabisa kutua nacho uwanja wa ndege bila kibali eti ni kitana cha bibi.

Alama na mihuri

Tafuta kwenye fremu upande wa ndani, karibu na bawaba, nyuma ya kioo, chini ya kifuniko cha poda. Fedha halisi ya Uingereza ina simba anayetembea, pamoja na alama ya mji, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi ya mwaka ambayo unaweza kuitafuta kwenye jedwali ukapata mwaka wenyewe. Fedha ya Ujerumani tangu 1888 ina mwezi mwandamo na taji, mara nyingi na namba 800. Herufi EPNS sio fedha, ni chuma kilichopakwa fedha, watu wanapigwa sana hapo.

Majina ya nchi nayo yanasaidia. Ikisema Czechoslovakia ni baada ya 1918. Occupied Japan ni kati ya 1945 na 1952 tu. West Germany ni 1949 mpaka 1990. Ila kumbuka muhuri kwenye kikopo cha poda unakupa umri wa kikopo, haukupi umri wa mkoba, na muhuri kwenye fremu unakupa umri wa fremu. Nimeona fremu ya fedha ya 1909 imebeba kitambaa cha miaka ya 1960, na muuzaji anaelekeza kidole kwenye simba tu.

Kuwinda marekebisho

Anza na fremu kwa sababu ndipo mkoba unapovunjika kwanza. Fremu nyingi zina safu ya vitundu vidogo pembeni na kitambaa kimeshonewa humo. Pitia kitundu kwa kitundu na lenzi. Uzi unapita vyote? Unaruka ruka? Na kwenye kitambaa je, kuna safu ya pili ya matundu ya sindano yasiyo na uzi? Hariri haisahau, ukishaitoboa tundu linabaki. Safu mbili za matundu ina maana kitambaa kimeshonwa mara mbili, ama kilirudishiwa fremu yake ama kilitoka kwenye fremu nyingine, na ukipima nafasi kati ya tundu na tundu kwa rula ukakuta ile safu ya zamani hailingani na vitundu vya fremu uliyonayo, basi ndoa hii ni ya pili.

Alafu zima taa, funga pazia, washa ile tochi ya noti. Sabuni za kisasa na nyuzi za kisasa zina kemikali ya kung'arisha ambayo ilianza kuenea miaka ya 1940, na kwenye mwanga huo inawaka buluu nyeupe kama shati kwenye disko. Hariri nyeupe yenyewe ina kamwanga kake hafifu kwa asili, usije ukadanganyika, lakini uzi wa kisasa unapiga kelele. Mimi nilipowasha niliona mstari mmoja unawaka kutoka pembe ya kushoto ya bitana mpaka chini ya mfuko wa zipu, mchana haukuonekana kabisa maana fundi alichagua rangi vizuri, Mungu amrehemu. Kumbe bitana ilifunguliwa pale, zipu ikatolewa, ikawekwa nyingine, ikafungwa tena. Angalizo moja, mkoba uliowahi kufutwa kwa sabuni ya kisasa utawaka mabaka mabaka, sio mstari.

Zipu yenyewe ikathibitisha. Hati miliki ya zipu kama tunayoijua ni ya Gideon Sundback, 1917, na kwenye mikoba ikazoeleka miaka ya 1920 na 1930, meno ya chuma. Yangu ilikuwa ya plastiki iliyojiviringa kama springi, hiyo kwa kawaida ni miaka ya 1960 kwenda mbele. Velkro haiwezi kuwa kabla ya miaka ya 1950. Kifungo cha sumaku ni cha hivi karibuni zaidi, ukikikuta kwenye mkoba wa 1930 jua kimetobolewa na mtu wa juzi. Vifungo vya kubonyeza usivitumie kupimia umri, vipo tangu miaka ya 1880.

Mkanda na cheni: mikoba mingi ya sherehe ilikuwa ya kushika mkononi au ina kishikio kifupi, baadae mwenyewe akataka kuning'iniza begani ili apate mkono wa kushika glasi, akatia cheni. Angalia cheni imeshikwa na nini. Ikiwa kwenye pete za fremu ni sawa, hata kama ni ya baadae haidhuru. Ikiwa imepita kwenye hariri, matundu yamevutika kama sikio lenye hereni nzito, hilo ni tatizo. Yangu ilikuwa hivyo.

Gundi pia inaongea. Ya zamani ya ngozi na mifupa ni ya kahawia na inavunjika kama kioo cha sukari. Ile gundi ya papo kwa papo iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, ngumu, inaacha ukungu mweupe pembeni. Gundi ya bunduki ya moto inafanana na mshumaa, ikiwepo mkoba wako umepita kwa mtu mwenye haraka.

Andika kabla ya kuamua

Karatasi moja, penseli. Gawanya: nje, fremu, bitana, kila kifaa, mkanda. Mbele ya kila kimoja andika cha asili, cha baadae, au nashuku, na sababu yako. Wangu ulisomeka hivi: kitambaa cha nje na fremu ni vya pamoja, matundu yanalingana; bitana ya asili isipokuwa mshono wa kushoto; kioo na kipochi vya asili; zipu ya 1960 au baadae; kitana mgeni; cheni ya begani mgeni.

Nini kitolewe, nini kiachwe

Hapa mimi nina msimamo na najua kuna watakaonipinga. Wengi wakishajua kipi ni cha baadae wanataka kukitoa chote mkoba urudi "kama ulivyokuwa". Haurudi. Ukitoa ile zipu ya plastiki unabaki na tundu na bitana iliyofunguliwa mara ya tatu, hariri haina nguvu ya kushonwa mara ya tatu. Zipu ikaachwa. Aliyeitia aliutumia mkoba, alitaka chenji yake isimwagike, na kwa kufanya hivyo mkoba haukutupwa.

Cheni nikaitoa, kwa sababu ilikuwa inapasua. Unaitoa kwa kufungua kiungo cha cheni, sio kwa kuvuta kitambaa. Nikaiweka kwenye mfuko wake na kikaratasi, imetoka wapi na lini. Kitana nikakitenga. Yaani kipimo changu ni kimoja: kinaumiza au hakiumizi. Umri wa kitu sio kosa lake.

Usafi

Maji hapana. Sabuni hapana. Siki, magadi, ndimu, vyote hapana. Ndani ya mkoba kuna makaratasi magumu ya kuupa umbo, yakilowa yanavimba na hayarudi, rangi nyeusi ya zamani inachuja, na maji yakikauka yanaacha mstari wa kahawia kama bahari ilipoishia. Kama una vile vidude vya kumetameta vya miaka ya 1920 na 1930 ndo kabisa, vingi vilitengenezwa kwa jelatini, vinayeyuka kwa maji na vinajikunja kwa joto. Shanga za chuma zinashika kutu.

Kinachofaa: mashine ya kunyonya vumbi iliyowekwa nguvu ya chini kabisa, funika mdomo wake na kipande cha chandarua, pitisha juu ya kitambaa bila kugusa, na brashi laini ya rangi za maji ikisukuma vumbi kuelekea mdomoni. Mahali pamepasuka pasiguswe. Fremu ifute kwa kitambaa kikavu laini tu, ukiwa umekinga hariri na kipande cha plastiki nyembamba. Najua mkono unawasha kutaka kuisugua kwa ndimu na jivu kama sinia la shaba la harusi, usifanye, yale maji ya dhahabu ni membamba mno yatatoka, na dawa ya kung'arishia inaingia kwenye vitundu inabaki unga mweupe unaokula uzi.

Ukikuta mabuu ya nondo au maganda yake, toa vifaa vyote vya kioo, chuma na plastiki, funga mkoba mtupu kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, toa hewa, weka kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Ukiutoa usifungue mpaka kesho yake, la sivyo unyevu utaganda juu ya hariri.

Kushona kidogo tu

Bitana ikiwa inaning'inia, uzi mwembamba wa hariri au pamba, sindano nyembamba kuliko zote, na upite kwenye matundu yaleyale ya zamani. Usitoboe mapya. Usikaze, uzi uwe dhaifu kuliko kitambaa, ili siku ukivutwa ukatike uzi sio hariri. Pale palipopasuka mistari mistari, unafunika kwa wavu mwembamba sana wa nailoni au hariri nyepesi ya kuonyesha, unaushonea pembeni kwenye kitambaa kizima, ile mipasuko inakaa chini yake kama mgonjwa chini ya chandarua. Kitambaa chenye gundi ya kupigia pasi, kile mafundi wetu wanachotia kwenye kola, marufuku. Na kama bitana imekwisha kabisa usiikate, tia bitana mpya juu yake kwa mishono mirefu ya mkono ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua dakika tano.

Mkoba wa thamani kubwa, wenye tarizi ya karne ya 18 au fremu ya fedha na mawe, mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi vitambaa, usijifunzie humo.

Kuhifadhi, hasa ukiwa pwani

Makumbusho yanapenda unyevu wa hewa uwe kama asilimia 45 mpaka 55 na mwanga mdogo sana. Mombasa, Tanga, Zanzibar unyevu mara nyingi unapita 70, kwa hiyo adui wako wa kwanza ni kuvu sio nondo. Jaza mkoba kwa karatasi laini isiyo na asidi, ujae vizuri bila kuvimba, usitumie gazeti. Fremu iwe imefungwa bila kubanwa. Cheni ya asili itolewe nje na kuviringishwa kwenye karatasi yake ili chuma kisilale kwenye hariri. Kioo na kipochi unaweza kuviacha mahali pake ikiwa mifuko ina nguvu, kama mifuko imelegea vitoe vikae pembeni kwenye boksi hilohilo, kila kimoja na kikaratasi.

Boksi la karatasi ngumu, sio mfuko wa plastiki, plastiki inafungia unyevu. Kama huna karatasi ya makumbusho chukua amerikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, ifue mara mbili tatu utoke wanga wote, ikauke, uufungie mkoba humo. Tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, visiguse kitambaa, na uvibadilishe. Vidonge vya naftalini usitie, vinaharibu plastiki za zamani na harufu haitoki tena kwenye hariri. Fungua boksi kila mwezi siku isiyo na mvua, unuse kwanza kabla ya kuangalia, pua inajua kuvu mapema kuliko jicho.

Ukitaka kuubeba harusini, ubebe, mimi nimeubeba wangu mara moja. Ubebe kwa kushika chini, sio kuning'iniza kwa fremu, na ndani utie leso na ufunguo mmoja. Simu ibaki kwa shemeji.

Na ukiuuza, ile karatasi yako ya penseli iende nao.